Darubini Isiyo na Pa Kuweka Jicho

Darubini hii mpya haina pa kuweka jicho. Mbele ina lenzi yenye upana wa milimita 72, safi mno hata unaona haya kupumua karibu yake. Nyuma, pale ambapo mtu angeinama achungulie, imekazwa kamera kwa skrubu. Watoto wa Kizimkazi wakija kuitazama huizunguka mara mbili wakitafuta tundu, wakilikosa hunitazama mimi kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa mlango wa kuchora. Ni swali la haki. Tangu lini chombo cha kutazamia kikamfungia nje mtazamaji? Waliozoea darubini za kitalii kule hotelini wanajua unalipa, unafumba jicho moja, unaona mwezi. Hii yangu inataka usikae karibu nayo hata kidogo, maana hatua zako mchangani zinaitingisha. Unaielekeza, unaiamuru kwa simu, unarudi kukaa mkekani na kahawa yako, na kazi yote inayofanyika kati ya lenzi na anga inafanyika bila wewe. (Wapiga picha wa nyota duniani kote wana utani wao kwamba kila darubini mpya huja na mawingu yake ndani ya boksi. Nathibitisha.)

Sababu ya kulifungia jicho nje ni kwamba jicho halina akiba. Kila mwanga uliingiao hulipasha habari, kisha katika sehemu ya sekunde hufutwa ili kupisha mwingine. Ndivyo lilivyoumbwa na ndivyo inavyotufaa: mtu anayevuka barabara ya Mkunazini hahitaji kuiona pikipiki ya dakika iliyopita. Ukikaa gizani nusu saa nzima mboni hutanuka, jicho huzidi ukali, utaona nyota ambazo hukuziona ulipotoka ndani. Lakini baada ya hapo hata ukikodoa mpaka alfajiri hutaona zaidi. Dakika ya tisini haiongezi kitu juu ya dakika ya thelathini. Kamera ni mlimbikizi. Chembe ya mwanga iliyoingia mwanzo wa nusu dakika inaisubiri iliyoingia mwisho wake, nazo zinahesabiwa pamoja. Tofauti ya hawa wawili haiko katika ukali wa kuona. Iko katika kusahau.

Nimeichagua Kizimkazi, kusini mwa Unguja, na nimeuchagua mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha na kusi limeshika. Kusi ni rafiki na adui kwa wakati mmoja: linafagia mawingu, halafu linaisukuma darubini. Pwani hii inatazama kusini-magharibi, na baharini upande huo hakuna mji. Kuna taa za dagaa tu. Hapo ndipo mimi na wavuvi tunapogongana bila kugombana, maana sote tunaliwinda giza. Siku za mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, na picha zangu nazo zinafifia kwa weupe wa anga. Mwezi ukiisha, wao wanashusha vyombo na taa zao za betri zilizochukua nafasi ya karabai za zamani, nami nashusha mkoba wangu. Kwa hiyo usiku ulio bora kwangu ndio usiku ambao upeo wa bahari umepangwa taa kutoka pembe hadi pembe, nyeupe, zikipanda na kushuka na mawimbi. Mwanzoni ziliniudhi. Siku hizi nazichukulia kuwa wenzangu kazini, na ukweli ni kwamba za kwao zinaleta kitoweo.

Kuna jambo moja la mahali hapa ambalo vitabu vya maelekezo vinavyokuja na darubini havilijui. Ili mota ya stendi iifuate nyota, mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Vitabu vimeandikwa na watu wa kaskazini, nao wanakwambia tafuta Nyota ya Kaskazini. Kizimkazi iko nyuzi 6 na kitu kusini mwa ikweta. Nyota hiyo iko chini ya upeo, haichomozi hapa. Ncha ya kusini iko juu ya bahari, lakini kwa nyuzi hizohizo 6 tu, upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, ndani ya ukungu wa chumvi na mwanga wa dagaa, tena haina nyota yoyote ya maana ya kuitambulisha. Msalaba wa Kusini, uliosimama wima saa mbili za usiku za Juni, unaashiria upande wake tu kisha unakuachia ukadirie. Hata hivyo nani Unguja asiyejua kaskazini ni wapi? Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa kisiwa hiki. Ukisimama na mgongo kwenye kibla, uso wako umetazama ncha ya kusini ya anga, na kilichobaki ni kurekebisha kidogo kidogo. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na watu wamekuwa wakijipanga kwa mwelekeo huo humo ndani tangu zama hizo. Sikujua kwamba siku moja ningeutumia kwa kukaza skrubu za mashine. Baadaye usiku, mkia wa Nge ukishapanda, kuna kishada cha nyota karibu na mwiba wake kinachoonekana hata bila darubini. Wanafalaki wanakikadiria kuwa umbali wa miaka ya mwanga inayokaribia elfu moja. Mwanga unaoingia kwenye lenzi yangu uling'oka kule karibu na siku za waashi wa msikiti ule, nao ulikuwa bado njiani nyumba zote za leo za Kizimkazi zilipokuwa zikijengwa.

Lakini kinachonileta pwani si Nge. Ni wingu lililo katika kundi la nyota la Carina, chini ya Msalaba, kulia kwake kwa saa zile. Kwa macho ni doa la kijivu, utalikosa usipoambiwa. Kwa upana, hata hivyo, angani limetanda kupita miezi kadhaa mipevu iliyopangwa safu, na liko umbali wa miaka ya mwanga ipatayo 7,500. Mtu aliyeliangalia kwa ustahimilivu kuliko wote wa zama zake alikuwa John Herschel, Mwingereza aliyeshuka Rasi ya Tumaini Jema Januari 1834 na mke, watoto na darubini yenye urefu wa futi 20, akaisimika kwenye shamba la Feldhausen, Claremont, chini ya Mlima wa Meza. Kioo cha darubini ile kilikuwa cha madini, nacho kilipata kutu ya hewa, hivyo kilisuguliwa na kung'arishwa tena na tena. Kwa miaka minne alichora anga la kusini kwa mkono. Fikiri kazi yenyewe: unapanda jukwaani usiku, unaweka jicho, unaona utepe wa mwanga mwembamba kuliko moshi wa ubani, unashuka au unainamia karatasi kwenye taa hafifu, unauweka mstari, ukirudisha jicho, mwanga wa taa umekwishakupofusha, lazima usubiri. Wingu la Carina lilimla miezi. Katika kitabu alichokitoa 1847 anaungama kwamba mara nyingi, akiwa kazini pale pale kwenye darubini, alikata tamaa ya kuweza kuyahamishia karatasini mambo yasiyo na mwisho aliyokuwa akiyaona.

Na wakati anachora, wingu nalo likamfanyia kituko. Desemba 1837 nyota ya katikati, Eta, ikaruka kwa mwangaza mbele ya macho yake. Mwaka 1843 ilikuwa ya pili kwa kung'aa katika anga zima la usiku, kisha katika miaka iliyofuata ikafifia hata isionekane kwa macho. Mchoro wa miezi unamwonyesha nani, ikiwa mchorwaji amebadilika kabla wino haujakauka?

Herschel aliondoka Rasi Machi 1838. Mwaka uliofuata, Januari, habari za wavumbuzi wa picha, Daguerre na Talbot, zikazagaa: mwanga umeweza kujichora wenyewe. Mtu huyu aliyetoka kuteseka na penseli hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Miaka ishirini nyuma alikuwa amegundua dawa inayoyeyusha chumvi za fedha, ile ambayo baadaye kila mpiga picha wa stoo ya giza aliiita "hypo". Sasa akaitumia kuizuia picha isiendelee kuungua na kupotea. Na Septemba 1839 akapiga picha juu ya kioo, ya zamani kuliko zote za kioo zilizobaki hadi leo. Alichokipiga ni nini? Kiunzi cha darubini kubwa ya futi 40 ya marehemu baba yake, kule Slough, Uingereza, kikisubiri kubomolewa. Hakuielekeza angani. Dawa za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa nyota, zikahitaji jua la mchana. Naiwaza sana picha ile ya miti na kamba iliyofifia: mtoto anahifadhi chombo ambacho jicho la baba lilitumia, kwa ufundi utakaokuja kuliondoa jicho.

Haikuchukua karne. Mwaka 1880 daktari Henry Draper wa New York akalipiga picha wingu la kundi la Jabari kwa kuacha kamera wazi kama dakika 50. Miaka miwili baadaye, tena Rasi, nyota ya mkia kubwa ilipopita, David Gill aliyekuwa mkuu wa kituo cha falaki kule alimwita mpiga picha wa mtaani, mwenye kamera yake ya kupigia sura za watu, wakaifunga juu ya darubini. Mkia ulitoka vizuri. Lakini Gill alivutwa na kitu kingine, yaani wingi wa nyota zilizojipenyeza nyuma ya mkia bila kualikwa. Kutokana na hilo likazaliwa wazo la kuliorodhesha anga la kusini kwa picha. Vipande vya vioo vilipigwa Rasi, vikasafirishwa hadi Groningen, Uholanzi, kwa Jacobus Kapteyn, mwanafalaki ambaye chuo chake hakikumpa darubini. Akakaa mezani miaka na miaka akizipima nyota ambazo nyingi hazichomozi kamwe Uholanzi. Orodha ilipokamilika mwaka 1900 ilikuwa na nyota 454,875. Watoto wangu wa Kizimkazi wanaoshangaa darubini isiyo na tundu, sijui wangesema nini juu ya mwanafalaki asiye na darubini.

Sisi wa leo hatuachi kamera wazi saa nzima. Tunapiga picha nyingi za nusu dakika, kisha programu inazilaza moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Kila mwalimu wa darasa la tatu angesema haba na haba hujaza kibaba, nami nilikwenda na methali hiyo mpaka hesabu ikanirudisha. Kila picha moja ina mwanga wa kweli na ina chembechembe za uongo, zile nukta zinazocheza kama mchanga. Ukilaza nne, chembechembe zinapungua nusu. Unataka nusu nyingine? Haitoshi kuongeza nne. Lazima zifike kumi na sita. Nusu tena, sitini na nne. Kwa hiyo kibaba hiki kina tabia ya ajabu: konzi za mwanzo zinakijaza haraka, na kadiri unavyokaribia ukingo kila konzi inapungua thamani, wala ukingo wenyewe haufikiwi. Saa ya kwanza pwani inakupa wingu. Usiku wa pili unakupa nyuzi zake za pembeni. Baada ya hapo unaweza kumaliza giza la mwezi mzima kwa tofauti ambayo ni wewe peke yako utakayeiona. Sijui kama watunzi wa methali walikuwa wamekwishalijua hili wakaamua kutotukatisha tamaa.

Halafu inakuja nyekundu. Wingu la Carina likishalimbikizwa linatoka jekundu la kukoza, rangi ya hidrojeni iliyochokozwa na nyota za moto zilizomo ndani, na kila anayeiona picha anauliza kama nimeitia mimi. Jibu la kawaida la wapiga picha ni kwamba rangi ipo, ila wingu liko mbali. Jibu hilo si kamili. Umbali si kosa. Hata ukipata chombo cha kukufikisha karibu na wingu lile, litazidi ukubwa machoni mwako lakini kila sehemu yake itabaki na mng'ao uleule, kwa sababu mwanga unaozidi unatandazwa juu ya eneo lililozidi kwa kiasi kilekile. Na jicho la gizani halitambui wekundu. Ungefika, ungetoa kichwa dirishani, ungeona kijivu pana. Nyekundu ile ni ya kweli, inapimika, ina urefu wa wimbi unaojulikana, na hakuna kiumbe mwenye macho kama yetu atakayesimama mahali popote aione hivi. Picha haikutusogeza. Imekaa tu muda ambao sisi hatuwezi kukaa.

Ndipo ninapofikiria hilali. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba kuona ni jambo zito. Kila mwaka Shaaban ikielekea mwisho tunabishana nani ameuona, wapi, na kama aliyeuona huko anatufungia sisi wa hapa. Mtaa mmoja, nyumba hii imefunga, ya pili inasubiri kesho. Ushahidi wa mwezi una mtu: anajulikana jina, anaaminika, alisimama mahali fulani jua likizama. Sasa tazama kilichotokea tarehe 8 Julai 2013. Thierry Legault, Mfaransa mashuhuri kwa picha za anga, aliupiga picha mwezi karibu na Paris katika dakika yenyewe ya kuzaliwa kwake, ambayo kwa saa zetu ilikuwa saa nne na robo hivi ya asubuhi. Mwezi ulikuwa chini ya nyuzi 5 kutoka kwenye jua. Alilikinga jua kwa ubao wenye tundu, akatumia mwanga usioonekana wa chini ya nyekundu, na katika picha ukajitokeza uzi, mwembamba mno, lakini uzi. Mwezi ule ulikuwa wa Ramadhani ya 1434. Ulionekana? Picha ipo, haijaghushiwa. Lakini muulize mwenye picha kama yeye aliuona, na kwa haki atasema hapana, maana kwa macho haiwezekani hata kidogo. Tuna mwezi uliothibitishwa na usio na shahidi.

Mimi si mwanachuoni, na wenye elimu yao wameyajadili mambo ya darubini kwa urefu kuliko ninavyoweza hapa. Ila kama mpiga picha nasimama na wale wanaotaka jicho. Sidharau picha, najua inachojua. Tatizo langu ni kwamba mwezi wa mwandamo haukuwa kamwe habari ya mahali jiwe lilipo. Habari hiyo tunayo kwenye majedwali, kwa sekunde. Ni miadi ya watu waliotoka nje pamoja kutazama upande mmoja, na miadi haitimizwi na mtu mmoja aliyejifungia na mashine mchana, hata akiwa sahihi. Wenzangu wa darubini hawakubaliani nami, na hoja zao si dhaifu.

Usiku mmoja wa giza hilohilo la Juni, kamera ikiwa kazini kwa Carina, kimondo kilipita. Si vile vya kukonyeza. Kilitokea juu ya msikiti, kikakata anga polepole kuelekea baharini, rangi ya kijani mbele na ya moto nyuma, hata mkeka tuliokalia ukang'aa. Watoto wakapiga kelele kwamba shetani kapigwa. Wazee kwenye baraza wakasimama. Kina mama wakatoka nje wakiuliza kuna nini, na kila aliyeona akamwonyesha asiyeona njia ilipopita, kwa kidole, mara nyingi, huku kila mmoja akiwa na njia yake.

Nilipomaliza kuzilaza picha, kimondo hakikuwemo. Programu inapolinganisha picha huuliza kila nukta: katika wenzako, wangapi wamekiona hiki? Kinachojirudia ni nyota. Kilichotokea mara moja tu ni kosa, kinafutwa: ndege, setilaiti, popo, taa ya dagaa iliyoruka na wimbi. Na kimondo. Bila kanuni hiyo kusingekuwa na wingu jekundu hata kidogo, nami siilaumu. Lakini hapo ndipo nilipoelewa ninachokitengeneza. Picha yangu ina kila ambacho hakuna mtu pwani aliyekiona usiku ule, na imekosa kitu pekee ambacho wote tulikiona.

Niliipeleka barazani hata hivyo. Waliisifu. Mzee mmoja mvuvi aliishika simu mbali na uso, akaikuza kwa vidole, akaihamisha kulia na kushoto.

"Mashaallah. Sasa mwanangu, mbona kile kimondo hakimo?"

Nikamweleza, kadiri nilivyoweza, habari ya kulaza na kufuta. Alisikiliza kwa adabu.

"Kwani picha yake moja moja hunayo?"

Ninayo, Babu, nikasema, lakini mbaya. Nikaitafuta: nusu dakika tupu, kijivu, nyota chache, chembechembe kila mahali, wingu halipo, na mstari mmoja mweupe umeichana pembe ya juu. Akaitaka hiyo. Kijana wa pembeni akaiomba nimrushie, na mwingine, na kabla ya isha ilikwishafika Makunduchi kwa WhatsApp, watu wakibishana chini yake kama kilielekea Mafia au kiliishia karibu.